Jiwe Lililotoka Jasho

Baba yangu aliacha kuniitikia shikamoo mwaka ule ndama wake alipokufa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningemshukuru, maana mdomo mimi ninao, tungejibizana na kumalizana siku hiyohiyo. Lakini mzee yule alijua pa kunipiga. Kila asubuhi nilipita zizini nikienda kazini, nikapiga goti kama tulivyofundishwa, nikasema, "Shikamoo baba." Yeye akaangalia ng'ombe. Nikisimama nikipangusa vumbi magotini, jirani akapita njiani kumwamkia, ataitikia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya lambo: "Marahabaaa! Za tangu jana?" Ili nisikie kwamba marahaba anazo, ila zangu zimekwisha.

Kwa mtu asiye wa kwetu hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Mtoto asiyeitikiwa na baba yake ni kama hajaamka siku hiyo, hata akifanya kazi mpaka jioni. Mama alikuwa ananiambia, "Mvumilie, atachoka." Namjibu, "Mama, huyo hachoki, huyo amekula mawe." Halafu naondoka nikiwa na hasira, na njiani hasira inageuka kilio.

Kosa langu lilikuwa kazi yangu. Miaka ile ya tisini, karibu na mwisho wake, dhahabu ilikuwa imeamsha nchi nzima ya kwetu. Barabara ya Kahama kwenda Geita iliyozoea baiskeli na mikokoteni ya pamba ikajaa malori, mashine za kuchoronga, jenereta na matingatinga. Na chuma kikizidi, lazima kiharibike. Kwa hiyo Mhindi mmoja wa Shinyanga mjini, ambaye ukoo wake ulikuwa unauza vipuri tangu zamani, akajenga karakana kandokando ya barabara, mwendo mfupi kutoka kwetu. Tulimwita Bosi. Alikuwa mtu mzima wa kofia nyeupe, anayeongea Kiswahili kuliko sisi wenyewe, na Kisukuma cha kununulia kuku.

Aliniajiri kuosha vipuri. Injini ikifunguliwa, mafundi wananiletea vile vyuma vikiwa vyeusi tii, navisugua kwanza kwa dizeli, halafu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mpaka unaweza kujitazama meno. Kazi ilikuwa ngumu na niliipenda. Nilipenda kuona kitu kichafu kikirudi kuwa kipya mkononi mwangu. Ila yale maji niliyooshea hayakurudi kuwa mapya. Yalishuka mtaroni, na mtaro ule, uliochimbwa kabla sijaajiriwa, ulikuwa unateremka polepole, unapita kwenye majani, na kuishia kwenye lambo letu.

Lambo ni bwawa tu la kuchimba, wala msifikirie ziwa. Lakini kwetu, kiangazi kikikaza na nchi ikawa nyeupe, lambo ndiyo roho. Ng'ombe wa kaya yetu na wa majirani wote walikunywa pale. Mwaka wa kwanza wa karakana tuliona maji yanang'aa rangi za upinde wa mvua pembezoni, tukasema labda ni majani yanaoza. Mwaka wa pili ng'ombe wakaanza kuzunguka wakitafuta upande wenye nafuu. Halafu ndama mmoja, bado mdogo, hajui kuchagua, akanywa palepale mdomoni mwa mtaro, na siku zilizofuata akadhoofu mpaka akafa.

Baba alimpasua mwenyewe. Akainama, akanusa. Jioni alimwambia mama, mimi nikiwa palepale nachambua mboga, "Mwambie mtoto wako kwamba yeye anaogesha mashine za watu, na sisi tunakunywa maji ya kuogea." Tangu hapo hakunisemesha. Na wala sikumlaumu kwa hasira yake. Nilimlaumu kwa kunyamaza.

Baada ya msiba ule wa ndama ng'ombe wakaanza kukataa maji kabisa. Hapo ndipo mnatakiwa mjue desturi ya kwetu. Katika kundi kuna ng'ombe mmoja anayetangulia. Wa baba alikuwa jike jekundu, mzee kidogo, pembe moja imeshuka mpaka karibu na jicho. Ng'ombe huyo akifika majini, anasimama, ananusa. Akinywa, wengine wananywa, na wanawake wanateka. Akikataa, hakuna mwanamke atakayetia ndoo yake pale, hata maji yawe meupe namna gani. Nimesikia watu wakicheka desturi hiyo. Wacheke tu. Sisi tulikunywa nyuma ya ng'ombe tangu mababu na tumezaliana.

Yule mwekundu akalikataa lambo. Ikabidi ng'ombe wapelekwe mbali sana kunywa, wanarudi wakiwa wamekonda kuliko walivyokwenda. Baba akatangaza kwamba atahamia Ushetu kwa mdogo wake, kwenye tumbaku, na ng'ombe wote, na mama. Hatangoja masika. Kaya ile ndimo alimozaliwa yeye, na bibi yetu amelala nyuma ya zizi. Nilipomsikia anasema vile nikajua kwamba akiondoka bila kuniitikia, basi. Mtu anaweza kufa huko Ushetu na marahaba yangu kifuani.

Nikaenda kwa Bosi. Wenzangu walinishika mkono, wakaniambia, "Wewe, utafukuzwa!" Nikawaambia mficha uchi hazai. Nikasimama mlangoni kwake na kanga yangu imelowa dizeli, nikamwambia yote: ndama, mtaro, ng'ombe mwekundu, Ushetu. Sauti ilipanda, najua, maana wateja nje walinyamaza. Fundi mkuu akajitia kunituliza: "Dada, maji yakimwagika hayazoleki." Nikamgeukia. "Hayazoleki kwako wewe usiyeyanywa!"

Bosi akavua kofia, akajikuna upara. Akasema, "Mama, hata mimi mtaro ule unaninyima usingizi. Tulijaribu shimo, si uliona?" Na kweli shimo tulikuwa tumechimba. Maji yanaingia, yanatulia, mafuta yanaelea juu, tunayaengua kwa kopo. Yaliyoelea yaliondoka. Lakini chini yake yalibaki maji ya kijivu, kama chai ya maziwa iliyopoa, na hayo ungeyaacha yakae mpaka uchoke, hayabadiliki. Mimi nilielewa kwa nini. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kutikisa kibuyu cha maziwa anajua kwamba siagi imo mle ndani, imejigawa vipande vidogo mno, na haitoki kwa kutazamwa. Sabuni yangu ndiyo iliyokuwa imeyagawa mafuta hivyo. Kadiri nilivyoosha vizuri, ndivyo nilivyoyaficha vizuri majini.

"Binti yangu anakuja," Bosi akasema. "Amesomea kuchuja. Ngoja tuone."

Nilifikiri ananipoza. Mtoto wa tajiri anakuja likizo, atachuja nini? Lakini binti alikuja, amevaa suruali na viatu vya shambani, na ameleta sanduku la mbao alilolikumbatia mwenyewe kwenye basi, hakutaka lipandishwe juu kwenye mizigo. Alikuwa rika langu. Siku ileile ya kwanza alishuka mtaroni, akachota yale maji ya kijivu kwenye chupa, akaitikisa, akaiweka dirishani, akakaa kuitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Mimi nikampenda hapohapo, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mirija, imeviringishwa kwenye vitambaa kama vitoto. Myeupe, mizito, mirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, na ndani yake imetobolewa njia nyembamba kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukiangalia unasema chaki ya shuleni iliyonenepa. Akanipa mmoja.

"Ni udongo huu?" nikamuuliza.

"Udongo, ndiyo. Umechomwa kwenye tanuri, kama chungu."

Akaziba ncha moja na vidole vyake, akaniambia nipulize upande wa pili. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakuna kilichotoka. Nikamwambia, "Dada, hapa hapapiti hata shetani." Akacheka sana. Akasema pumzi ya mtu haina nguvu ya kutosha, lakini pampu ikisukuma maji ndani ya njia zile, maji yatapenya ukutani na kutokea nje. Mafuta yatabaki ndani.

Sikuamini. Akaniketisha kwenye tairi, akanieleza kwa subira ambayo mimi sina. Kila njia mle ndani imepakwa ngozi, utando mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukipaka, uliotengenezwa kwa unga wa madini. Chembe za unga huo ni ndogo kiasi kwamba unywele wangu mmoja, zikipangwa kwa upana wake, zingekuwa umati. Nafasi kati ya chembe na chembe ndiyo mlango. Maji yanaingia mlangoni, lakini tone la mafuta, hata lile dogo lililojificha, ni nene mno, halipiti. Siku hizi nasikia redioni wanaziita chembe za nano. Sisi hatukuwa na jina hilo. Tulisema tu unga wa dada.

"Mlango utaziba," nikamwambia. Nilikuwa naosha machujio ya malori kila siku, nilijua. Chujio lolote likikutana na grisi, linakufa.

"Ndiyo maana ya unga huu," akasema. Akachukua kigae kidogo kilichopakwa unga uleule, akakizamisha kwenye beseni la maji. Akachukua oili ya injini, akaidondosha juu yake mlemle majini kwa bomba la sindano. Jamani. Ile oili ilipogusa kigae ilijikunja ikawa kidonge, ikateleza, ikaondoka kuelea zake juu, kama maji yanavyokimbia kwenye jani la magimbi. Kigae kikabaki kisafi. Nikaingiza kidole nikakigusa. Hakina hata utelezi. Miaka yangu yote pale nilikuwa sijaona kitu ambacho oili imekigusa na haikukishika. Oili ilikuwa imeshika ngozi yangu, kucha zangu, mpaka unga wa ugali wangu ulikuwa na harufu yake.

"Unapenda maji," akaniambia. "Unayakumbatia, kwa hiyo mafuta hayapati pa kukaa."

Nikakigusa tena kile kigae, nikanusa kidole.

Walifunga mirija ndani ya bomba la chuma, wakaunganisha pampu, pipa la maji machafu upande huu, na mpira mwembamba wa kutolea maji safi upande ule. Mchana tukawasha. Dada alianza na mrija usiopakwa unga, ili tuone tofauti. Ulitoa maji kidogo, yenye ukungu, halafu ukanyamaza. Tukaufungua, njia zote zimejaa ute mweusi. Mafundi wakaanza kuondoka mmojammoja, mmoja anasema heri kurudi kwenye jeki. Dada akaufunga mrija wenye ngozi. Akawasha tena.

Kwanza hakuna. Pampu inanguruma, lile pipa la kijivu linazunguka. Alikuwa ameacha kidirisha cha kioo kwenye bomba, na mimi nilikuwa nimebandika jicho pale. Nikauona mrija mweupe ukianza kung'aa. Ukalowa. Halafu juu ya ngozi yake ya nje, hapa na pale, vikatokea vitone, vidogo, kama jasho linavyotoka usoni mwa mtu anayelima. Vitone vikaungana, vikateremka, na kule mwisho wa mpira likadondoka tone la kwanza kwenye bilauri.

"Jiwe linatoka jasho!" nikapiga kelele. "Njooni mwone, jiwe linatoka jasho!"

Walikuja wote. Hata dereva aliyekuwa amelala chini ya lori alitambaa akatoka. Bilauri ilijaa polepole, na watu wazima wanaume wenye midomo ya kutukana nati wamesimama kama kanisani. Dada akaipandisha juani. Upande huu wa pampu kulikuwa na lile tope la kijivu ambalo hata mbwa alilikwepa. Upande ule wa bilauri nikaona mistari ya kiganja chake kupitia majini, yote, mpaka kovu dogo chini ya kidole gumba. Nikanusa. Dizeli hakuna. Nikalia. Sikujua kama nalia kwa ajili ya ndama, au baba, au kwa sababu tu nilikuwa hai siku ambayo kitu kama kile kinatokea katika karakana ya barabarani, na kuku wanapita. Fundi mkuu akanigusa bega akasema taratibu, "Haya, yamezoleka."

Dada hakushangilia sana. Alisema mafuta ameyazuia, lakini sabuni iliyoyeyuka inaweza kupenya kwa sababu ni ndogo zaidi. Akanipunguzia sabuni mpaka nikalalamika, na maji yaliyotoka kwenye jiwe akayapitisha tena kwenye tangi la plastiki lililojaa mkaa uliopondwa. Alijaza vichupa, akavipeleka mjini kupimwa, akarudi ametabasamu. Akatuonya vilevile: haya ni maji ya mifugo na bustani, siyo ya mtu. Bosi akaamuru mtaro uzibwe, na maji yote ya kuoshea yapite kwenye jiwe kabla ya kuteremka.

Nikakimbia nyumbani. Nilimweleza mama kwa sauti kubwa ili baba asikie, maana alikuwa upande wa pili wa boma akisuka kamba. Nikaeleza unga, ngozi, jasho. Nikaeleza vichupa vilivyopimwa mjini. Mama akasema eee, eee, huku macho yake yako bomani. Nilipomaliza baba akasema na kamba yake: "Maji hayapimwi mjini. Waje nayo. Mwekundu akinywa, nitalisafisha lambo langu nibaki. Akikataa, kesho yake tunahama."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyosikia kwake tangu ndama afe, na hata hayo hakuniambia mimi.

Siku ya kesi, maana tuliiita hivyo, majirani walijaa pale chini ya karakana. Asubuhi yake nilikuwa nimepiga goti kama kawaida, "Shikamoo baba," naye kama kawaida akamsemesha ng'ombe. Baadaye dada akafika, akainama kidogo, "Shikamoo mzee." Baba akanyoosha mgongo, "Marahaba mwanangu, karibu sana." Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mtoto wa Mhindi kageuka mwanangu, na mimi niliyetoka kiunoni kwake nimesimama kama mpita njia.

Mafundi walileta chombo cha kunyweshea. Pipa lililokatwa katikati kwa urefu, kama kila mtu wa barabarani anavyonyweshea. Walilisugua, mimi nikalisugua tena. Tukalilaza juani, tukajaza maji ya jiwe mpaka pomoni, yakametameta ukaona kutu iliyo chini. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Baba akapiga mluzi wake.

Mwekundu akaja, anatembea kwa madaha, kundi nyuma yake limekauka ndimi. Akafika. Akashusha kichwa. Akanusa, pua karibu iguse maji. Akapuliza, fuuu! Akarudi nyuma hatua chache, akageuza shingo, akaenda zake. Na kundi lote likageuka pamoja naye, wale ng'ombe wenye kiu, wakayaacha maji.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Dada alisimama amejishika kiuno, uso umemwiva. Baba hakuonekana kufurahi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alionekana kama mtu aliyekuwa na tumaini na hakutaka tulijue. Akachukua fimbo yake akaanza kuwafuata.

Mimi hasira zikanipanda. Nikalipiga pipa lile teke, teke la kweli, kidole kikaumia mpaka nikakaa chini. Maji yakayumba. Na yalipokuwa yanayumba, pale kwenye mshono wa pipa, jua limelichoma tangu asubuhi, nikaona kauzi ka rangi. Buluu, zambarau, njano. Kanatambaa kutoka kwenye mshono, kanatanuka juu ya maji.

"Bebe!" nikasema, Kisukuma chenyewe kilinitoka. "Wewe pipa wewe!"

Lilikuwa pipa la oili. Bila shaka lilikuwa pipa la oili, mapipa yote ya karakana ni ya oili, yametoka wapi mengine? Tumesuka chujio la ajabu kuliko yote, tumetoa jasho kwenye jiwe, tumesafirisha vichupa mpaka mjini, halafu tumeyarudisha maji kwenye tumbo la oili na kuyapasha moto juani. Sote. Bosi, mafundi, dada, mimi niliyelisugua kwa mikono yangu. Dada alichovya kidole, akanusa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetaka kulia, akasema, "Na mimi nilikuwa hapa nalitazama!"

Mama yangu hakucheka. Alikuwa ameshaondoka, anakwenda mbio kwenye kisima cha zamani kando ya lambo. Hapo kulikuwa na hori la udongo la kunyweshea ng'ombe, la wakati wa babu, umbo la mtumbwi, limefinyangwa ardhini kwa udongo wa kichuguu. Kisima kilikuwa kimekauka na hori limepasuka nyufa. Akapiga magoti akaanza kuliziba. Nikajiunga naye na kidole changu kinachovuja damu. Tukakanda udongo mpya, tukapaka, tukalainisha kwa viganja, kama tunavyopaka nyumba. Halafu akasimama njiani mbele ya baba, udongo umefika viwikoni, akamwambia maneno ambayo sitayasahau: "Mzee, kesi haisikilizwi nyumbani kwa mshitakiwa. Mrudishe hakimu."

Baba akamtazama. Akatazama lile hori ambalo baba yake alilifinyanga. Akapiga mluzi.

Mafundi wakaleta ndoo mpya za plastiki, zimetoka dukani, na maji mapya moja kwa moja kutoka kwenye mkaa. Wakamimina. Na yale maji yetu, ambayo ungesoma kitabu kupitia kwayo, yalipogusa udongo mbichi yakachafuka, yakawa ya kahawia. Dada akatoa sauti, "Aaa!" akanyoosha mkono kama anataka kuyaokoa. Kisha akaurudisha mkono, akauacha udongo utulie, maana harufu yake ndiyo ng'ombe aliyoizoea.

Mwekundu akarudi. Akashusha kichwa. Akanusa kwa muda mrefu sana, sikio moja likicheza. Mimi nilikuwa bado magotini pembeni ya hori, karibu kiasi cha kusikia joto la pumzi yake. Nilimwomba Mungu, nikawaomba na waliolala nyuma ya zizi, nisimwache yeyote aliyeweza kusaidia.

Akanywa.

Alikunywa kwa kuvuta, koo linapanda na kushuka, macho amefumba nusu. Wengine wakasukumana wakaja, ndoo zikawa hazitoshi, mafundi wanakimbia na kurudi wakicheka kama watoto. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama mafunda ya maji yakipita kwenye shingo ile nyekundu. Maji yaleyale yaliyoosha injini. Maji yaliyomuua ndama. Yamepita kwenye milango midogo ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona, na sasa yanaingia kwa ng'ombe kuwa maziwa. Sijawahi kupata maneno ya kutosha kwa jambo hilo, hata leo.

Kisha baba akaweka fimbo chini. Akapiga goti upande wa pili wa hori, bega kwa bega na mwekundu wake, akakinga viganja.

"Mzee!" dada akapiga kelele. "Mzee, siyo ya kunywa watu! Niliwaambia!"

"Ng'ombe akinywa, mtu anakunywa," baba akamjibu bila kugeuka. Akanywa. Akachota tena akanywa, maji ya kahawia yanamtiririka kwenye ndevu. Tulitazamana, hori katikati yetu, sote wawili magotini, mimi nina udongo mpaka usoni. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Akasema, "Marahaba."

Wakati ule sikuwa nimemwamkia. Alikuwa ananiitikia ile ya asubuhi, na ya jana, na ya juzi, na zote zilizokuwa zimelala pale zizini tangu ndama afe. Nikachota maji kwenye hori, kwa mikono miwili, nikamsogezea anywe tena.